Kunasa Hewa Ukaa kwa Haidreti za Semiklathreti: Mwongozo Kamili wa Maabara, Kuanzia Chumvi Hadi Hesabu

Maji yakipozwa na kubanwa pamoja na gesi, molekuli zake zinaweza kushikana zikajenga vizimba, na ndani ya kizimba ikakaa molekuli moja ya gesi. Fuwele zinazopatikana zinafanana na barafu kwa macho, lakini ni kitu kingine: ni haidreti ya gesi. Humphry Davy aliitambua ya klorini mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1934 Hammerschmidt akaonyesha kwamba ndiyo iliyokuwa ikiziba mabomba ya gesi asilia huko Marekani, na tangu hapo wahandisi wengi wameijua kama adui. Mwongozo huu ni wa wanaotaka kuitumia kwa faida. Gesi hazipendi vizimba kwa kiwango kimoja: hewa ukaa huingia kwa urahisi kuliko nitrojeni, na kwa urahisi mno kuliko hidrojeni. Kwa hiyo ukigandisha sehemu ya mchanganyiko wa gesi, kilichogandishwa kinakuwa na hewa ukaa nyingi kuliko ulichoanza nacho.

Shida ni presha. Hewa ukaa tupu, ikiwa kwenye nyuzi 10 za Selsiasi, inahitaji karibu megapaskali (MPa) 4.5, yaani mara 45 hivi ya presha ya kawaida ya hewa, ili haidreti ijengeke. Moshi wenye hewa ukaa asilimia 17 hivi unahitaji zaidi ya MPa 7 hata ukiupoza hadi karibu na sifuri. Hapo ndipo semiklathreti zinapoingia, yaani haidreti ambazo chumvi ni sehemu ya vizimba vyake.

Chumvi inafanya nini

Chumvi inayotumika sana ni tetra-n-butili amoniamu bromidi, ambayo kila mtu wa fani hii anaiita TBAB. Haidreti za jamii hii ya chumvi zinajulikana tangu mwaka 1940. Ioni ya bromidi inashika nafasi ya molekuli za maji kwenye ukuta wa vizimba, yaani inakuwa sehemu ya jengo lenyewe. Ioni kubwa ya amoniamu, yenye mikono minne ya butili, inakalia vizimba vinne vikubwa vilivyoungana. Vinavyobaki wazi ni vizimba vidogo vyenye nyuso kumi na mbili. Humo ndimo gesi inamokaa.

Kwa kuwa chumvi imeshajenga sehemu kubwa ya nyumba, haidreti ya TBAB inasimama hata bila gesi, kwa presha ya kawaida ya hewa, hadi nyuzi 12 hivi pale myeyusho unapokuwa na TBAB karibu asilimia 40 kwa uzito. Ukiongeza hewa ukaa, presha inayohitajika kwenye nyuzi 10 inashuka kutoka MPa 4.5 hadi karibu MPa 1 au chini yake, hata kwa myeyusho wa asilimia 10 tu.

Unafuu huo una gharama, na maandiko mengi yanaipita haraka. Haidreti ya kawaida ya hewa ukaa ina vizimba 8 kwa molekuli 46 za maji, na vyote vinaweza kubeba gesi. Aina ya TBAB yenye molekuli 38 za maji ina vizimba vidogo 3 tu kwa kila molekuli ya chumvi. Piga hesabu kwa uzito: haidreti ya kawaida ikijaa kabisa inabeba karibu gramu 298 za hewa ukaa kwa kilo, na ya TBAB karibu gramu 116. Hivyo ni viwango vya juu kabisa vya karatasini. Maabara haitakupa hivyo. Umepunguza presha, lakini pia umepunguza mzigo kwa zaidi ya nusu. Kila uamuzi utakaoufanya hapo chini unazunguka biashara hiyo.

Hatua ya 1: Chagua gesi kabla ya kuchagua chumvi

Wengi huanza na moshi wa mitambo ya makaa ya mawe kwa sababu ndio unaosikika kwenye mijadala ya tabianchi. Mimi ningeuacha mwisho. Moshi unatoka ukiwa na presha ya hewa ya kawaida na hewa ukaa asilimia 12 hadi 15 tu, kwa hiyo ukiubana unabana nitrojeni zaidi ya kitu kingine chochote. Kuubana moshi wa asilimia 15 kutoka MPa 0.1 hadi MPa 3, kwa kompresa bora isiyopoteza chochote, kunakula karibu kJ 1,280 kwa kila kilo ya hewa ukaa iliyomo, hata kabla hujainasa. Kwa kompresa yenye ufanisi wa asilimia 75 unafika kJ 1,700, na huo ni umeme. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia waliwahi kupiga hesabu ya mtambo wa megawati 500 unaonasa hewa ukaa kwa haidreti katika hatua tatu pamoja na utando wa kuchuja gesi: kubana gesi peke yake kungemeza asilimia 75 ya umeme wote, na hata walipotumia kisaidizi kingine, tetrahidrofurani, bado kulimeza asilimia 53. Hakuna meneja wa mtambo atakayesaini hapo.

Gesi zinazofaa ni zile ambazo tayari zina presha au tayari zina hewa ukaa nyingi. Gesi ya makaa ya mawe yaliyogeuzwa gesi kabla ya kuchomwa, yenye hidrojeni karibu asilimia 60 na hewa ukaa 40, inatoka ikiwa imeshabanwa. Bayogesi ina hewa ukaa asilimia 35 hadi 45, kwa hiyo gharama ya kubana inagawanywa kwa mzigo mkubwa zaidi. Gesi ya Ziwa Kivu nayo ni mchanganyiko wa methani na hewa ukaa. Mtambo wa KivuWatt upande wa Rwanda huisafisha kwa kuiosha kwa maji. Ukumbuke huo uoshaji wa maji, tutaurudia kwenye hesabu, kwa sababu ndio mshindani halisi wa haidreti.

Kama ni bayogesi, toa kwanza salfidi ya hidrojeni kwa kaboni hai au vyuma chakavu vyenye kutu. Inaingia kwenye vizimba kwa urahisi, inaharibu vali, na inaua.

Kwa kujifunza, anza na mchanganyiko safi wa mtungini: hewa ukaa asilimia 20 na nitrojeni 80. Hewa ukaa yenyewe si lazima itoke mbali. Nchini Tanzania inachimbwa ardhini Rungwe, na nchini Kenya huko Kereita. Omba cheti cha usafi wake tu.

Hatua ya 2: Amua ukali wa myeyusho

Kwa jaribio la kwanza tumia asilimia 10 kwa uzito. Usikimbilie 40 kwa sababu tu haidreti inasimama kwa urahisi hapo. Kwenye 40 unapata aina yenye molekuli 26 za maji, tope linakuwa zito upesi, kikoroga kinakwama, na gesi inashindwa kupenya. Kwenye 32 ndipo unapolingana na aina ya molekuli 38. Chini ya asilimia 5 presha inaanza kupanda tena na hujafaidi kitu.

Chumvi nyingine zipo. TBAC, yenye kloridi, inasimama hadi nyuzi 15 hivi. TBAF, yenye floridi, hadi nyuzi 27 au 28. Namba za TBAF zinatamanisha, hasa kwa anayefanya kazi Mombasa au Muscat ambako kupoza ni gharama, lakini floridi si ya kuchezea kwenye vyombo vya kioo. Kaa na TBAB mpaka mikono izoee.

Hatua ya 3: Vyombo

Unahitaji chombo cha presha cha chuma kisichoshika kutu, cha mililita 300 hadi 500, kilichopimwa kwa angalau mara mbili ya presha utakayotumia, chenye vali ya usalama na kidirisha. Kidirisha si anasa. Bila kuona ndani utabishana na grafu siku nzima ukijiuliza kama ulichokiona ni haidreti au gesi kuyeyuka majini tu. Weka kikoroga cha sumaku chenye nguvu, kipimajoto cha platinamu kimoja ndani ya kimiminika na kingine kwenye gesi, geji ya kielektroniki ya presha, beseni la maji na glikoli linalopozwa kwa mashine, pampu ya kufyonza hewa, na kromatografu ya gesi ya kupima mchanganyiko.

Usalama: hewa ukaa ni nzito kuliko hewa na hukaa sakafuni. Kikomo cha kazi cha saa nane ni asilimia 0.5. Funga kitambuzi chini, usawa wa goti, na utoaji wa gesi uelekezwe nje kwa mpira, usiachiwe chumbani. Kabla ya kila jaribio jaza nitrojeni hadi presha ya kazi, funga, na uache usiku kucha. Presha ikishuka huku joto halijabadilika, kuna uvujaji, na data yote ya siku inayofuata ingekuwa uongo, maana uvujaji unafanana kabisa na gesi inayonaswa.

Hatua ya 4: Andaa myeyusho

TBAB inavuta unyevu hewani. Ukiacha chupa wazi kwenye joto la pwani, ndani ya muda mfupi unapima maji ukidhani ni chumvi. Pima haraka, kwa mizani ya gramu 0.01 au bora zaidi, na funika. Kwa gramu 250 za myeyusho: gramu 25 za TBAB, gramu 225 za maji yaliyotolewa ioni. Koroga polepole, kwa sababu chumvi hii inatabia kama sabuni na inatoa povu. Povu hilo litakurudia wakati wa kushusha presha, likipanda hadi kwenye bomba la sampuli. Ndiyo sababu hujazi chombo zaidi ya nusu.

Hatua ya 5: Tafuta mstari wa mgando wako

Usitegemee namba za majarida peke yake. Chupa yako, geji yako na maji yako ni tofauti. Mbinu ni ya ujazo usiobadilika. Jaza gesi, funga, poza hadi haidreti itokee, kisha pandisha joto kidogo kidogo. Mbali na ukingo panda nusu nyuzi. Ukikaribia, panda nyuzi 0.1 na usubiri saa kadhaa mpaka presha itulie kila mara. Chora presha dhidi ya joto. Wakati haidreti inayeyuka mstari unapanda kwa kasi. Fuwele ya mwisho ikiisha mstari unalala. Pale mistari miwili inapokutana ndipo penye mlingano, yaani joto na presha ya mgando wako. Mwenye haraka atapata joto la juu kuliko la kweli, kwa sababu haidreti haiyeyuki papo hapo.

Fanya hivyo hivyo bila hewa ukaa, ukiwa na nitrojeni ya presha ndogo au hewa ya kawaida, ili ujue myeyusho wako unagandia wapi wenyewe. Hatua hii inarukwa sana, na ni kosa kubwa kiufundi. Ukiendesha jaribio chini ya joto hilo, TBAB inajenga vizimba upesi bila kusubiri gesi, na unapata tope zuri jeupe lenye vizimba vitupu. Joto la kazi liwe juu ya mgando wa bila gesi na chini ya mgando wa pamoja na gesi. Katika pengo hilo fuwele haiwezi kusimama isipobeba kitu. Kwa asilimia 10, nyuzi 7 ni mahali pazuri pa kuanzia, kisha urekebishe kwa vipimo vyako.

Hatua ya 6: Endesha jaribio

Mimina myeyusho, funga, fyonza hewa, kisha suuza kwa mchanganyiko wa gesi mara tatu kwa presha ndogo. Poza hadi nyuzi 7 na ungoje joto litulie kikoroga kikiwa kimezimwa. Jaza gesi hadi MPa 3, funga vali, rekodi, ndipo uwashe kikoroga. Presha itashuka mara moja. Hiyo si haidreti bado. Ni gesi inayeyuka majini.

Kisha kunakuwa kimya. Muda wa kusubiri hadi fuwele za kwanza hauna adabu: unaweza kuwa dakika chache au saa nyingi kwa myeyusho uleule. Utajua umefika kwa ishara mbili zinazokuja pamoja: joto la kimiminika linaruka juu ghafla, kwa sababu ugandaji unatoa joto, na presha inaanza kushuka upya. Kidirishani maji yanapoteza uangavu, yanakuwa meupe kama uji, na mawimbi ya kikoroga yanakuwa mazito.

Ukirudia na myeyusho uleule uliotoka kuyeyuka, fuwele zitakuja mapema zaidi. Maji yanaonekana kukumbuka. Kwa uzalishaji ni baraka. Kwa kulinganisha majaribio ni udanganyifu, kwa hiyo pasha hadi nyuzi 25 au 30 kwa saa kadhaa kabla ya kila mzunguko, na fanya hivyo kwa majaribio yote bila kubagua.

Presha ikishatulia, chukua sampuli ndogo ya gesi ya juu. Toa gesi iliyobaki haraka huku umeshika joto la chini, funga, pasha hadi nyuzi 25, na upime gesi inayotoka kwenye haidreti.

Hatua ya 7: Hesabu, na maji matupu

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo mafanikio mengi yanapopungua. Tuchukue mfano wa karatasini wenye namba za kawaida. Chombo cha mililita 500, gramu 250 za myeyusho, nafasi ya gesi karibu mililita 252, MPa 3, nyuzi 7. Kwa kigezo cha mgandamizo wa gesi 0.97 unapata moli 0.335 za gesi: hewa ukaa 0.067, nitrojeni 0.268.

Mwisho wa jaribio tuseme gesi ya juu ni moli 0.255 yenye hewa ukaa asilimia 9. Hiyo ni moli 0.023 za hewa ukaa na 0.232 za nitrojeni. Zilizotoweka ni 0.044 na 0.036. Mwanafunzi anagawanya 0.044 kwa 0.067, anapata asilimia 66 ya unasaji, na anaanza kuandika muhtasari wa makala.

Ngoja. Kilo moja ya maji kwenye nyuzi 7 inayeyusha karibu moli 0.58 za hewa ukaa kwa kila MPa ya hewa ukaa iliyo juu yake. Gesi iliyobaki ina presha ya sehemu ya hewa ukaa karibu MPa 0.21, kwa hiyo gramu 225 za maji zinashika karibu moli 0.027 kwa kuyeyusha tu. Nitrojeni iliyoyeyuka ni kama 0.004. Kilichomo kwenye haidreti kwa kweli ni moli 0.017 za hewa ukaa na 0.032 za nitrojeni. Unasaji wa haidreti ni asilimia 25.

Kigezo cha utenganisho nacho kinabadilika. Fomula ni uwiano wa hewa ukaa kwa nitrojeni ndani ya haidreti, ugawanywe kwa uwiano huohuo kwenye gesi iliyobaki. Bila masahihisho unapata karibu 12; kwa masahihisho, karibu 5. Hesabu hii inachukulia maji yote bado ni kimiminika na chumvi haiathiri uyeyukaji, kwa hiyo ni ya makadirio, lakini mwelekeo wake haubishaniki.

Na katika chombo hiki, kama fuwele isingetokea hata moja, maji peke yake yangeshika zaidi ya nusu ya hewa ukaa yote kwa kuyeyusha; huo ndio uoshaji wa maji tuliouona KivuWatt. Kwa hiyo kila jaribio liwe na pacha wake: vifaa vilevile, gesi ileile, mara moja kwa maji matupu, na mara moja kwa myeyusho wa TBAB nyuzi moja au mbili juu ya mgando wake. Tofauti kati ya jaribio lako na hao mapacha ndiyo kazi ya haidreti. Makala isiyo na mapacha hao ningeisoma kwa shaka, hata namba zake ziwe nzuri vipi.

Hatua ya 8: Kuongeza ukubwa

Hatua moja haitoshi. Kwenye mfano wetu haidreti ina hewa ukaa theluthi moja. Unaiyeyusha, gesi inayotoka unaipeleka chombo cha pili, ambako presha inayohitajika ni ndogo zaidi kwa sababu hewa ukaa sasa ni nyingi. Baada ya hapo mara nyingi utando wa kuchuja gesi ni nafuu kuliko hatua ya tatu.

Kikoroga hakikui. Kinachofanya kazi kwenye nusu lita kitakula umeme mwingi kwenye mita za ujazo, na haidreti inajenga ukoko kwenye mpaka wa gesi na maji ambao unaizuia gesi isipite. Watu hutumia mapovu ya gesi kutoka chini, kunyunyiza myeyusho juu ya gesi, au kujaza chombo kwa mchanga wa silika wenye unyevu. Kwa TBAB napendelea mapovu, kwa kuwa tope lake linatiririka. Wajapani wameshalisukuma tope la TBAB kwenye mabomba ya kupoza majengo, likibeba baridi ya karibu kJ 200 kwa kila kilo ya haidreti iliyomo. Tabia hiyo pia inakupa nafasi ya kurudisha baridi: tope linaloyeyuka upande mmoja lipoze myeyusho unaoingia upande wa pili.

Hatua ya 9: Myeyusho baada ya kazi

TBAB haipotei na gesi, kwa hiyo myeyusho unatumika tena na tena. Maji ndiyo yanayopungua kidogo kidogo kila unaposhusha presha, pamoja na yanayobebwa na povu. Pima ukali kwa refraktometa kila baada ya mizunguko michache, na mara mojamoja uhakikishe bromidi kwa kutitreti kwa nitrati ya fedha. Bromidi ikiachwa imekauka kwenye chuma inaanza kukitoboa vidoti, kwa hiyo suuza chombo kwa maji safi siku hiyohiyo, pamoja na vali na bomba la sampuli ambalo povu lilifika. Myeyusho uliochoka usimwagwe kwenye sinki, kwani chumvi hii ni sumu kwa viumbe wa majini. Uhifadhi kwenye galoni lenye lebo, au uvukize maji na uirudishe chumvi kabatini.